Nataka kazi ya kumgusa mgonjwa ila sina uhakika na udaktari, nichukue digrii gani?

Nuru_19

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu mambo vipi. Nimemaliza sekondari, baiolojia na kemia nimefanya vizuri sana, fizikia ya katikati tu. Bibi yangu alipata kiharusi nikiwa na miaka 14, akawa anakuja dada mmoja wa fiziotherapia mara tatu kwa wiki kumfanyisha mazoezi, mi ndo nilikua namshikia bibi upande wa kushoto, siku bibi aliposimama mwenyewe kwa kushika kiti nililia, na tangu siku hiyo najua nataka kazi ya namna hiyo, kazi ya kuwa na mgonjwa mwenyewe sio makaratasi yake.

Sasa tatizo. Baba anataka udaktari na maksi zangu za udaktari zipo ukingoni, naweza kupata naweza kukosa. Mwalimu wangu wa baiolojia ambaye namuamini sana kaniambia nichukue kwanza digrii ya sayansi za biomedikali miaka 3, anasema ile inafungua milango yote, baadae nitaingia udaktari au kitu chochote cha hospitali. Mi mwenyewe moyo uko kwenye fiziotherapia ila kila nikitamka mtu ananiambia hiyo ni kozi ya kuchua watu. Halafu nikifungua orodha ya kozi nakuta zaidi ya ishirini zina neno afya, sayansi ya afya, afya ya jamii, uongozi wa afya, sielewi ipi inanipeleka wodini na ipi inanipeleka ofisini.

Naombeni mnisaidie, nina wiki tatu tu za kujaza fomu. Je mwalimu yuko sahihi? Na je nikichukua fiziotherapia nitakua nimejifungia mlango wa udaktari moja kwa moja?

hadubini

Nuru mdogo wangu, kabla hujasoma jibu la mtu mwingine yeyote soma hili langu mpaka mwisho mana mi ndo nimepita njia hiyo hiyo anayokuambia mwalimu wako na sitaki uipite bila kujua.

Mi nilichukua sayansi za biomedikali. Kozi ni nzuri, sikatai, nilisoma anatomia, fiziolojia, biokemia, mikrobiolojia, jenetiki, kinga za mwili, nikawa najua seli inavyofanya kazi kuliko marafiki zangu wengi waliokua wanasoma mambo ya kliniki. Nimemaliza mwaka wa tatu na matokeo mazuri, naenda hospitali kuomba kazi maabara, wananiuliza leseni yako iko wapi. Leseni gani. Wananiambia nenda kwenye baraza la wataalamu wa maabara. Naenda baraza wananiuliza digrii yako iko kwenye orodha yetu? Haikuepo. Chuo hakikuwahi kuomba ithibati ya baraza kwa hiyo kozi, yaani baraza liikague na kuikubali rasmi, na kwenye kipeperushi chao walikua wameandika "wahitimu wanaweza kufanya kazi hospitalini", sentensi ambayo si uongo mana hata mlinzi anafanya kazi hospitalini, ila mi niliielewa kivingine. Ilinibidi nirudi kusoma maabara ya tiba karibu mwanzo, miaka mingine miwili na nusu, nikiwa darasani na watoto wadogo.

Ndo maana nakuambia kitu cha kuangalia sio jina la digrii. Kuna digrii zinazokuelekeza kwenye leseni na kuna digrii zinazokupa maarifa tu. Uuguzi, fiziotherapia, famasia, mionzi, maabara ya tiba, tiba ya usemi, meno, udaktari, hizi mwisho wake kuna baraza linakusajili na unapewa jina la kazi linalolindwa na sheria, mtu mwingine akilitumia bila usajili ni kosa. Sayansi za biomedikali, sayansi ya afya, baiolojia ya binadamu, afya ya jamii, uongozi wa afya, hizi kwa kawaida hazina leseni ya kumgusa mgonjwa hata ukipata daraja la kwanza. Na hata jina likifanana usiamini, kwa mfano Uingereza mtu anayeitwa mwanasayansi wa biomedikali hospitalini ni mtu aliyesajiliwa, lakini sio kila mwenye digrii ya biomedikali anasajiliwa, lazima digrii iwe imeithibitishwa na chama cha taaluma yao au usome masomo ya kujazia, halafu ufanye mafunzo ndani ya maabara na kujaza jalada la umahiri. Wahitimu wengi hushtuka hapo.

Sisemi biomedikali ni kozi mbaya. Kama unataka utafiti, kutengeneza chanjo, vipimo vipya, kufundisha chuo, ni nzuri sana na wenzangu waliokwenda huko wana furaha. Ila wewe umesema bibi, kiti, upande wa kushoto. Hiyo haipo kwenye biomedikali.

DrWatoto

Nakubaliana na hadubini, naongezea kwa nini mwalimu wako ameshauri hivyo, mana sidhani kama ana nia mbaya.

Ule ushauri wa "chukua digrii ya sayansi kwanza halafu ndo udaktari" ni sahihi kabisa, Marekani. Kule (na Kanada kwa sehemu kubwa) huingii udaktari ukitoka sekondari, unasoma digrii ya kwanza miaka 4, yoyote ile hata historia ilimradi umepitia baiolojia, kemia, kemia hai, fizikia na biokemia pamoja na maabara zake, unafanya mtihani wa MCAT, ndo unaomba shule ya udaktari miaka mingine 4, halafu ubingwa miaka 3 mpaka 7. Filamu na video nyingi tunazoangalia zinatoka huko kwa hiyo watu wanadhani dunia nzima ni hivo. Lakini sehemu kubwa ya Afrika, Asia na Ulaya udaktari ni digrii ya kwanza, unaingia moja kwa moja ukitoka sekondari unasoma miaka 5 au 6, kisha mwaka wa intani au zaidi chini ya usimamizi ndo unapata leseni kamili. Ukiwa kwenye mfumo huu wa pili ukachukua biomedikali kama ngazi, unaweza kujikuta umetumia miaka 3 halafu unaanza udaktari mwaka wa kwanza pamoja na waliotoka sekondari juzi. Uingereza kuna njia ya wenye digrii inayochukua miaka 4 badala ya 5, Australia pia zipo nyingi, ila nafasi ni chache na ushindani ni mkali mno. Kwa hiyo swali la kwanza kwako ni kwamba, hapo unapoombea, udaktari unaingiwaje.

Sasa kuhusu wewe mwenyewe, nikwambie kama ningemwambia binti yangu. Udaktari usiingie kwa sababu ya baba. Nimesimamia madaktari wa intani miaka mingi na wale waliosukumwa unawajua mwezi wa pili, sio kwamba hawana akili, akili wanazo, ila saa tisa usiku mtoto wa tano analetwa na degedege na hujakaa chini toka asubuhi, pale kinachokubeba ni kwamba ulichagua mwenyewe. Lakini pia usiukimbie kwa sababu ya maksi za ukingoni tu. Kama ndani kabisa unautaka, omba, weka fiziotherapia chaguo la pili, uone kitakachotoka.

kifundo

Nuru mi ni fiziotherapia mwaka wa kumi na moja sasa. Hilo neno la kuchua nimelisikia mpaka kwa ndugu zangu, ngoja nikueleze siku yangu ya jana halafu uamue mwenyewe.

Asubuhi nilianzia ICU, kuna kijana yuko kwenye mashine ya kupumua, kazi yangu ni kifua chake, kumlaza mikao tofauti, kusaidia makohozi yatoke mapafuni, kumkunja na kumkunjua viungo ili visikakamae, na tukishakubaliana na daktari na nesi tunamkalisha pembeni ya kitanda akiwa bado na mirija, tukiwa watatu. Baada ya hapo wodi ya mifupa, mama kabadilishwa nyonga, siku ya kwanza baada ya upasuaji anatakiwa ashuke kitandani na anaogopa, hapo ni saikolojia zaidi ya misuli. Saa tano kliniki ya watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani, tunatumia njia ya Ponseti, unaunyoosha mguu taratibu kwa mkono na kuufunga plasta, kila wiki unafungua unasogeza kidogo unafunga tena, mara nyingi plasta tano sita hivi zinatosha, wengi wanahitaji kukatwa kidogo kano la kisigino, halafu mtoto anavaa viatu vyenye fito katikati saa 23 kwa siku miezi mitatu, baadae wakati wa kulala tu mpaka anafika kama miaka minne. Miguu ile inakuja imepinda kabisa na inaondoka inakanyaga chini. Mchana wagonjwa wa kiharusi kama bibi yako. Jioni mama aliyejifungua miezi minne iliyopita na haja ndogo inamtoka akikohoa, tulikua na mazoezi ya misuli ya nyonga kwa chini. Sasa kuchua kuko wapi hapo, ni zana moja kati ya nyingi na jana sikuigusa.

Digrii yake sehemu nyingi ni miaka 3 mpaka 4, na sehemu kubwa ni anatomia, jiandae, utalijua kila msuli unaanzia wapi na unaishia wapi na mshipa gani wa fahamu unaulisha. Kinachowaangusha watu sio anatomia ya kukariri, ni neurolojia mwaka wa tatu pale unapoambiwa mtazame mgonjwa akitembea useme ubongo umeumia wapi. Wenzangu wawili walidisko hapo, na walikua wazuri sana kwenye kukariri.

Fizikia ya katikati isikutishe, utaikuta kwenye nyenzo na mizani ya mwili, nguvu inavyopita kwenye goti, na kwenye mashine za umeme na ultrasaundi za tiba. Hesabu zake sio nzito.

Jambo moja tu la kuliweka akilini, ukija kutaka kwenda Marekani fiziotherapia kule imepanda, kufikia 2016 programu zote zilikua ni za udaktari wa fiziotherapia (ni ngazi ya digrii, sio udaktari wa kutibu), kama miaka 3 juu ya digrii ya kwanza, kwa hiyo mwenye digrii ya kawaida kutoka nje anapimwa somo kwa somo ndo aruhusiwe kufanya mtihani. Sehemu nyingine nyingi digrii ya kwanza inatosha.

Zamu_ya_Usiku

Naona wote mnaruka uuguzi, na binti kasema anataka kuwa na mgonjwa mwenyewe. Ni nani anakaa na mgonjwa masaa 12? Daktari anapita dakika kumi, fizio nusu saa, sisi tupo.

Nuru, uuguzi ngazi ya digrii sio ule uuguzi watu wanaoufikiria wa kubeba trei. Unajifunza famakolojia, patholojia, kusoma dalili za mgonjwa anayeanza kuzidiwa kabla mashine haijapiga kelele. Ulaya sheria yao inataka muuguzi wa huduma ya jumla asome si chini ya miaka 3 na masaa 4,600, na angalau nusu ya hayo masaa awe kwenye mazoezi ya kliniki, kwa hiyo unaiva kweli. Na ukishaiva unaweza kwenda ukunga, ICU, theata, usingizi, figo na dayalisisi, afya ya akili, saratani. Halafu leseni ya uuguzi inasafiri kuliko leseni nyingi za afya, mitihani ipo na taratibu zipo lakini njia imeshakanyagwa na wengi kabla yako.

Sikuambii uache fizio. Nakuambia tu usijaze fomu bila kuifikiria, mana nimeona wengi wanaona aibu kusema nataka unesi na baadae wanakuja kuhamia wakiwa na miaka thelathini. Wenye digrii nyingine tayari kuna programu za kuharakisha, Marekani zingine ni miezi 12 hadi 18, ila kwa nini uzunguke.

kifundo

@Zamu_ya_Usiku uko sahihi dada, nimekosea kutokuitaja. Mgonjwa wangu wa ICU nisingethubutu kumkalisha bila nesi wake.

chumba_cha_giza

Mi nipo mionzi, kwa hiyo nitasema ya mionzi na moja ya jumla.

Watu wanachanganya, anayepiga picha na anayeisoma ni watu wawili. Anayesoma na kuandika ripoti ni daktari bingwa wa radiolojia, njia yake ni udaktari kwanza. Anayekupanga kwenye mashine, anayechagua kiwango cha mionzi, anayehakikisha picha imetoka sawa bila kukuchoma mionzi bure ni sisi, na digrii yetu ni miaka 3 au 4. Ndani yake kuna matawi mawili na sehemu nyingi unachagua toka mwanzo, la uchunguzi (eksirei, CT, MRI) na la tiba, yaani wale wanaotibu saratani kwa mionzi. Nuru kama unapenda kumjua mgonjwa tawi la uchunguzi litakusikitisha kidogo, unakutana nae dakika kumi anaenda zake. La tiba ni tofauti kabisa, mgonjwa anakuja kila siku siku tano za wiki, wiki kadhaa, unajua majina ya wajukuu zake. Fizikia huku ni nzito lakini, usijidanganye.

La jumla: muulize chuo masaa ya kliniki ni mangapi na yanafanyika wapi. Hili watu hawaulizi. Tiba kazi kwa mfano, wale wanaomrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake za kila siku, kuvaa, kupika, kuandika, shirikisho lao la dunia linataka mwanafunzi awe na masaa yasiyopungua 1,000 ya mafunzo kwa vitendo. Sasa chuo kinaweza kuwa na majengo mazuri na hakina hospitali ya kukupeleka, mwaka wa tatu mnajaa wanafunzi kumi na tano kwenye mgonjwa mmoja, unahitimu hujawahi kushika mgonjwa peke yako. Chuo nilichosoma mimi kilikua hivyo na mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilikua naenda kazini nikitetemeka. Sitamani mwingine apitie.

mama_Wawili

Mi sio mtaalamu, ni mzazi. Mwanangu wa pili ana utindio wa ubongo na watu waliobadilisha maisha yetu ni mtaalamu wa tiba kazi na mtaalamu wa tiba ya usemi. Huyu wa usemi nilidhani kazi yake ni kufundisha kuongea, kumbe ndo aliyegundua mwanangu akimeza maziwa yanaingia njia ya hewa na ndo sababu ya nimonia zisizoisha. Alinifundisha namna ya kumkalisha na kuyafanya maziwa yawe mazito. Nimonia zilipungua. Hizo kazi watoto wetu hawatajiwi shuleni kabisa, wanaambiwa daktari, nesi, mfamasia basi. Nuru mwanangu uzitazame na hizo.

Nuru_19

Jamani nimesoma kila mstari, nimemsomea na baba. Hajasema kitu ila aliniomba nimrudie pale DrWatoto alipoandika kuhusu saa tisa usiku.

Nina maswali mawili tu. La kwanza, hiyo ithibati ya baraza naiangaliaje, naamini tovuti ya chuo? La pili bado sijajibiwa vizuri, nikishakua fizio na baada ya miaka mitano nikajikuta nautaka udaktari kweli, inakuaje? Na mama_Wawili asante sana, kuhusu kumeza sikujua, bibi nae alikua anapaliwa sana na hatukujua kama kuna mtu wa kumuuliza.

hadubini

La kwanza najibu mimi. Tovuti ya chuo usiiamini peke yake. Nenda kwenye baraza lenyewe la taaluma hiyo, kwa kawaida wana orodha ya vyuo na programu walizozithibitisha, na uangalie jina la programu neno kwa neno sio jina la chuo tu, mana chuo kinaweza kuwa na ithibati ya uuguzi na kisiwe nayo kwenye fiziotherapia. Kama orodha huioni andika barua pepe au nenda mwenyewe, uliza hivi: mhitimu wa programu hii anasajiliwa moja kwa moja, au anafanya mtihani, au hasajiliwi? Omba jibu kwa maandishi. Na uangalie tarehe, ithibati inaisha na inahuishwa, na kuna vyuo vinaandika "ithibati inashughulikiwa". Inashughulikiwa maana yake leo haipo. Ukiingia hapo unabashiri kwamba itapatikana kabla hujahitimu. Kwa udaktari kuna orodha ya dunia ya shule za udaktari, iko wazi mtandaoni bure, kama shule haimo humo kaa nayo mbali ingawa kuwemo peke yake sio ithibati.

Na muulize mhitimu wa mwaka jana, sio wa miaka kumi iliyopita. Muulize leseni uliipata lini.

DrWatoto

La pili nichukue mimi. Mlango haujifungi, ila unakua mzito. Nimefundisha madaktari wanafunzi waliokua wauguzi, waliokua fizio, mmoja alikua mfamasia. Mwaka wa kwanza na wa pili wanaumia kwa sababu hesabu na biokemia zimeshaota kutu, kuanzia wodini wanawaacha wengine mbali sana, wameshajua kuongea na mgonjwa, hawaogopi damu wala mkojo wala ndugu wenye hasira. Gharama yake ni miaka. Shule nyingi hazikupunguzii hata semista moja kwa sababu ulishasoma anatomia ya fizio, unaanza sifuri. Ukiwa na miaka 28 unaanza, 34 unamaliza, mwaka wa intani, halafu ubingwa. Inawezekana, wapo, ila uende ukijua.

Tofauti yake na njia ya mwalimu ni hii, ukiwa fizio na udaktari ukashindikana bado una kazi unayoipenda na leseni mkononi. Ukiwa na biomedikali na udaktari ukashindikana ndo unakua kama alivyokua hadubini.

Zamu_ya_Usiku

Naongezea hapo, saikolojia ni mtego wa namna hiyo hiyo, mana wengi wa umri wako wanaipenda. Digrii ya kwanza ya saikolojia haikufanyi mwanasaikolojia tiba, sehemu nyingi inahitaji masta na Uingereza ni miaka mitatu ya digrii ya uzamivu ya saikolojia tiba juu yake, na nafasi zinagombaniwa. Lishe nayo imepanda kule Marekani, tangu tarehe 1 Januari 2024 huwezi kufanya mtihani wa usajili wa mtaalamu wa lishe bila masta. Kwa hiyo kila unapoona kozi uliza inaishia wapi, isije ikawa umepewa nusu ya njia.

kifundo

Nuru, kitu kimoja ambacho hakuna kipeperushi kitakupa. Nenda ukakae idara ya fiziotherapia siku nzima. Hospitali nyingi wanaruhusu ukiomba kwa barua fupi kwa mkuu wa idara, eleza umemaliza sekondari unachagua kozi. Usiende saa mbili ukaondoka saa nne, kaa mpaka jioni uone wanavyokua wamechoka. Mgongo wetu unauma, hilo nikuambie ukweli, kuinua watu wazima kila siku kunahitaji ujue kutumia mwili wako vizuri toka mwaka wa kwanza. Na uombe kumuona mgonjwa ambaye haendelei vizuri. Bibi yako alisimama, na ndo maana unaipenda kazi hii, ila kuna ambao nimekaa nao miezi minane na hawakusimama, na kazi ilikua ni kumfundisha mke wake namna ya kumgeuza asipate vidonda na namna ya kumhamisha kutoka kitandani kwenda kwenye kiti bila kuumia wote wawili. Ukitoka hapo bado unaitaka, jaza fomu.

Nuru_19

Nimeandika barua leo, baba ndo alinisaidia maneno ya mwanzo. Nimeomba siku mbili, moja idara ya fizio na moja nimeomba kumfuata nesi wa wodi ya kiharusi zamu nzima. Na nimepiga simu baraza, ya chuo cha kwanza kwenye orodha yangu fiziotherapia imo, ya chuo cha pili hawaijui kabisa na ndo kile chenye tangazo kubwa.

Swali dogo la mwisho @kifundo, siku hiyo nivae viatu gani na niende na nini?

kifundo

Raba zilizofunikwa mbele zisizoteleza, nywele zifungwe, kucha fupi, usivae pete wala bangili. Daftari dogo na kalamu. Simu iache kwenye begi, picha ya mgonjwa usipige hata ya mguu. Kunywa chai kabla hujafika. Na ukiambiwa umshikie mgonjwa upande mmoja uliza kwanza ni upande gani dhaifu na wanataka umshikie wapi, mkono ule wa kiharusi usiuvute hata kidogo, bega linateguka kirahisi sana.